Sentensi Moja kwa Bwana Fabrikant

Detroit, 10 Machi 1968

Mdogo wangu Linwood,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kulia ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Hobart yuko kiwandani zamu ya asubuhi, bado anafunga milango kwenye magari ambayo sisi hatutayapanda. Mtaa wa Kumi na Mbili ulioungua kiangazi kilichopita haujajengwa. Wameuzungushia uzio, wakaweka bango lenye picha ya maghorofa, basi.

Barua yako ya Krismasi niliisoma nyumbani, kisha nikaenda nayo saluni nikaisoma tena huku nimekaa chini ya kikaushio, napiga kelele kama kiziwi. Mdogo wangu anarudi Detroit Oktoba, na jina lake juu ya mlango! Enzi zile ukipiga muziki hotelini ulikuwa unaingilia jikoni, na mimi niliyekuwa nakufulia yale mashati meupe sikuwahi kukuona jukwaani hata mara moja, maana jikoni kwenyewe hawakuruhusu dada za wapiga saksofoni. Safari hii nakaa kiti cha mbele. Nimeshanunua kofia. Hobart anasema itawaziba watu wa nyuma. Nimemwambia na wao wawahi.

Raynard bado yuko Ujerumani na jeshi. Kila asubuhi namshukuru Mungu kwamba ni Ujerumani, si Vietnam. Lakini barua zake zimekuwa fupi, kama za mtu anayejibu maswali ya polisi. Wewe uko karibu naye kuliko sisi. Mwandikie mpwa wako.

Mimi dada yako,
Ozella

*

Malmö, 1 Aprili 1968

Dada Ozella,

Nimepata barua yako. Natumaini goti limepoa. Huku theluji imeyeyuka barabarani, imebaki ile nyeusi pembeni. Gunvor anakusalimu, anafundisha watoto mazoezi ya viungo shuleni, akirudi nyumbani hataki kuona mtu amesimama. Kila jioni navuka maji kwa meli kwenda kupiga Kopenhagen, na kila asubuhi nalala huku Uswidi. Mtu ukizoea, ni kama kwenda kazini kwa basi.

Umeniuliza habari za safari. Bwana Fabrikant ni wakala kutoka New York. Alikuja klabu kwetu Novemba, akakaa peke yake, akanywa maziwa. Tulipomaliza akaniuliza, "Wewe ulikuwa umejificha wapi?" Nikamwambia sikujificha, nilikuwa hapa hapa, bango liko mlangoni. Anataka santuri mbili na ziara ya miji minane. Mji wa nne ni Detroit.

Sikudanganyi kwamba najisikia kijana. Nina miaka arobaini na minne. Nilikuja Ulaya nyuma ya mwimbaji ambaye bendi yake ilivunjika Antwerp, tukaamka hotelini meneja hayupo. Wenzangu waliomba nauli wakarudi. Mimi nilibaki kwa sababu usiku uliotangulia watu walikuwa wamenyamaza nilipokuwa napiga. Ndiyo hivyo tu. Nyumbani nilizoea kupiga katikati ya vijiko na sahani. Lakini mtu akikaa sana mahali anapoheshimiwa, mwishoni wanamheshimu kama wanavyoheshimu saa ya ukutani. Fabrikant ndiye wa kwanza baada ya miaka mingi kunisikiliza kama mtu anayetafuta kosa. Hatatokea mwingine.

Raynard nilimwandikia. Hajajibu.

Ndugu yako,
Linwood

*

Detroit, 29 Aprili 1968

Linwood,

Natumaini ninyi wawili hamjambo. Sisi tunaendelea. Mwezi huu mji ulifungwa jioni kwa amri, baada ya kiongozi wetu kuuawa kule Memphis, na kanisani tumelia mpaka mchungaji akatuomba tuimbe.

Nina jambo. Walikuja wanaume wawili wamevaa kofia, wastaarabu sana, wakajifuta viatu mlangoni. Wakauliza Raynard yuko wapi. Hobart akawaambia, "Mwanangu yuko jeshini. Mnaye ninyi, halafu mnaniuliza mimi?" Wakasema kikosi chake kimepata amri ya kwenda Vietnam, wakapewa likizo fupi kwanza, likizo imekwisha, yeye hajarudi. Hobart akasema wamekosea nyumba, ukoo wa Whitfield hauna mtoro. Akawapeleka mpaka ukutani ilipo nishani yake ya vita. Wakaisifu, wakavaa kofia, wakaondoka.

Jioni Hobart akakaa kula. Kisha akasema, "Kama amekufa, nitamzika. Kama ametoroka, sina mtoto." Akaomba chumvi.

Wewe umesikia chochote? Ila ukijibu, kumbuka kwamba barua zote zinazofika hapa hufunguliwa na Hobart. Ndivyo ilivyo tangu tuoane, wala hana ubaya. Kwa hiyo usiniandikie kitu ambacho hutaki akisome.

Kofia nimeirudisha kwenye boksi lake isiingie vumbi.

Ozella

*

Malmö, 7 Julai 1968

Dada na Shemeji,

Salamu. Nisameheni kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi na midomo ilipasuka kidogo kwa upepo wa melini, lakini imepona. Gunvor hajambo, yuko likizo, amepaka rangi viti vyote vya jikoni na sasa hatuna pa kukaa.

Habari za hapa si nyingi. Oktoba bado iko pale pale. Fabrikant ameandika kwamba jina langu litachapwa kwa herufi nyekundu.

Tumepata mpangaji. Ni kijana. Jina lake linamshinda Gunvor, kwa hiyo anamwita Kalle. Ni mrefu, anainama akipita mlangoni hata pale ambapo hahitaji kuinama. Anamimina sharubati ya mahindi juu ya mayai, Gunvor alipoona mara ya kwanza alitoka nje. Ana kovu juu ya jicho la kushoto, la mtu aliyeanguka kwenye ngazi za nyuma ya nyumba akimfukuza mbwa wa jirani. Ni mzima wa afya. Analala vizuri kuliko alipofika. Kodi halipi, anaosha vyombo.

Sina zaidi.

Linwood

*

Detroit, 20 Julai 1968

Mdogo wangu,

Mungu akuweke. Sote wazima.

Kuanzia sasa andika kwa anuani ya Sista Cordelia Mapp wa kwaya yetu, niliyoiweka nyuma ya bahasha. Yeye hafungui cha mtu, na akifungua hasemi.

Barua ya mpangaji Hobart aliisoma kabla yangu. Akaikunja, akaiacha mezani, akauliza kama kuna mkate. Nadhani hakuelewa. Mimi nilipofika kwenye kovu ilibidi nikae chini. Mbwa yule alikuwa wa familia ya Purnell, na ngazi zile Hobart alizibomoa siku ya pili yake kwa shoka.

Niambie yote. Usinionee huruma.

Dada yako

*

Malmö, 11 Agosti 1968

Dada Ozella,

Salamu kwako na kwa Sista Cordelia, ambaye namshukuru.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunafanya mazoezi Kopenhagen, mchana, klabu tupu, viti vimepandishwa juu ya meza. Nikaona mtu amesimama mlangoni amevaa koti lenye mikono inayoishia viwikoni. Nikaendelea kupiga mpaka mwisho wa wimbo, kwa sababu nilidhani anauza kitu. Akasema, "Mjomba, umezeeka."

Nikamwambia, "Na wewe nani alikuruhusu kurefuka hivyo?"

Tukaenda kula. Alikula sahani yake na yangu. Nikamuuliza, "Ruhusa yako inaisha lini?" Akasema, "Imeshaisha." Nikamsogezea mkate. Akasema, "Sikukimbia kwa woga, Mjomba. Au labda ni woga. Wenzangu wawili waliotangulia wamerudi kwenye masanduku, na mmoja wao nilikuwa nalala kitanda cha juu yake. Nimewaza sana, sioni mtu yeyote huko ninayetaka kumpiga risasi." Ndiyo maneno yake, sijaongeza.

Denmark wangemrudisha jeshini. Uswidi hawamrudishi mtu. Katikati kuna yale maji ninayovuka kila siku. Nikampa mkoba wa saksofoni aubebe. Nikamwambia, "Ukiulizwa, wewe ni mpiga ngoma wangu."

"Mjomba, mimi sijawahi kupiga ngoma."

"Hata mpiga ngoma niliye naye hajawahi. Twende."

Melini nilikunywa kahawa nisiyoisikia ladha. Upande wa Malmö kuna askari mmoja mzee anayenijua. Huniuliza kila mara kama kuna watu wengi klabu. Safari hii akamgeukia Raynard: "Na wewe, umeipenda Kopenhagen?" Raynard akajibu, "Mji mzuri, bwana, ila anavyotulipa huyu ni aibu." Askari akacheka mpaka akakohoa. Tukapita. Nilipofika nje nilikaa juu ya mkoba wa saksofoni, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani na nimempiga mtu kwa kukifanya.

Kesho yake tulikwenda polisi kwa miguu yetu, akasema yeye ni nani na anaomba nini. Waliuliza kama ana ndugu nchini. Nikaweka sahihi. Majibu yatachukua muda, lakini wamempa karatasi ya kukaa.

Ziara iko palepale.

Linwood

*

Malmö, 22 Septemba 1968

Dada,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima, baridi imeanza. Raynard anajifunza lugha. Anaimba zaidi ya kuzungumza, na Waswidi wenyewe ndivyo wanavyoongea.

Safari ya Oktoba imesogezwa mbele. Nimeambiwa ule ukumbi wa Detroit una matengenezo. Nitakujulisha.

Linwood

*

Detroit, 2 Novemba 1968

Linwood mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Goti limekuwa bovu zaidi, nami nimelizoea. Hobart alihamia chumba cha chini tangu Mei, sikukwambia. Alisema ni kwa sababu ya joto. Sasa hakuna joto na bado yuko huko.

Ukumbi hauna matengenezo. Nilipita pale siku ileile uliyotakiwa kupiga. Watu walikuwa kwenye foleni, na juu ya mlango kulikuwa na jina la mtu mwingine, kwa herufi nyekundu. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayesubiri basi. Nikasema moyoni, Linwood amenidanganya, na hajawahi kunidanganya ila kwa jambo kubwa.

Sasa nisikilize. Kabla ya hapo, Jumamosi moja asubuhi, simu ililia nikiwa nakaanga mayai. Hobart alikuwa amepanda kuchukua kahawa yake, akapokea. Nilisikia upande mmoja tu.

"Ndiyo, nyumba ya Whitfield. Mimi ndiye mume... Fabrikant nani?... Hapana, mke wangu ana kazi, sema na mimi."

Akasikiliza sana. Uso wake haukubadilika, unamjua.

"Picha gani?... Gazeti la huko... Shemeji yangu na kijana mtoro, wameshikana mabega. Eeh."

Akahamishia simu sikio la pili.

"Yaani unataka Ozella amsihi mdogo wake aandike sentensi moja. Sentensi gani?... Kwamba hamjui kijana huyo, na hakubaliani naye. Basi? Na akishaandika, ziara inaendelea?"

Nikazima jiko.

Hobart akasema, polepole kabisa, "Bwana, ngoja nikueleze. Yule kijana ni mwanangu. Kama kuna mtu wa kumkana, ni mimi, na nimeshamkana mwenyewe humu ndani bila kusaidiwa. Simhitaji shemeji yangu anisaidie. Na wewe ndiyo kabisa." Akaweka simu chini kama anaweka yai.

 Nikamwambia, "Hobart, ulijua yuko huko?"

Akasema, "Kalle!" Akatikisa kichwa. "Mnaona mimi sijui kovu la mwanangu? Mimi ndiye niliyembeba kwa daktari, damu yake iliniharibia suti." Akachukua kahawa yake akashuka chini.

Hajaongeza neno tangu siku hiyo. Lakini Jumapili baada ya ibada alisimama mbele ya Sista Cordelia, akamwambia, "Dada, huna haja ya kuficha bahasha ndani ya kitabu cha nyimbo. Zije nyumbani." Maskini Cordelia nusura azimie.

Kwa hiyo zije nyumbani. Na wewe niambie kuhusu hiyo sentensi. Hobart anaamini ulimtukana Fabrikant ukamkatia simu. Anawasimulia watu kiwandani, bila kutaja mtoto, anasema tu, "Shemeji yangu Ulaya alimwambia tajiri wa New York akale jiwe." Nami nataka kuisikia kutoka kwako.

Ozella

*

Malmö, 8 Desemba 1968

Dada Ozella,

Salamu. Sote wazima. Raynard amepata kibali; ameajiriwa jikoni kwenye kantini ya karakana ya meli, anamenya viazi na mtu kutoka Ugiriki, wanazungumza kwa Kiswidi ambacho Mswidi hawezi kukielewa. Nimemsomea barua yako yote. Nilipofika kwenye simu aliniomba nirudie. Kisha akatoka, akazunguka nyumba, akarudi ameganda masikio. 

Mimi nimechukua nafasi katika okestra ya redio Kopenhagen. Kiti cha pili. Tunavaa tai. Tunapiga nyuma ya waimbaji, na kabla ya Krismasi tunapiga nyimbo za Krismasi. Kuna pensheni. Alhamisi bado nina klabu.

Yule aliyepewa ziara yangu namfahamu. Hana kosa. Santuri yake imefika huku. Nimeinunua, nimeisikiliza, ni nzuri. Kwenye wimbo wa tatu anaharakisha.

Umeniuliza habari ya sentensi. Sikumtukana Fabrikant. Alituma telegramu, nami nilikaa nayo wiki nzima mfukoni. Sikumwonyesha Gunvor. Raynard nilimwambia ni bili ya umeme. Kisha nikaenda posta kujibu. Nilikuwa nimeshaandika kwenye karatasi maneno aliyoyataka, kwamba simjui, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilisimama kwenye foleni. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja anatuma jibini kwa mtu. Nilipofika dirishani karani akatazama saa, akaniomba radhi, akafunga kwa ajili ya chakula cha mchana.

Nikavuka barabara nikanywa kahawa. Kisha nikaenda nyumbani. Sikurudi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Hakuna hotuba niliyotoa, wala simu niliyoikata. Dirisha lingekuwa wazi, ningeituma ile karatasi. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Hobart amenipa heshima kwa jambo ambalo sikulifanya. Ukiona vema, mwache hivyo hivyo. Usimsomee ukurasa huu.

Usiniulize kama najuta. Kuna siku najuta asubuhi tu, kuna siku ni mpaka jioni.

Linwood

*

Detroit, 12 Januari 1969

Mdogo wangu Linwood,

Heri ya mwaka mpya kutoka kwetu sote. Theluji imefika madirishani. Hobart amerudi kulala juu. Anasema chini kuna baridi, na safari hii ni kweli.

Barua yako ilifika akiwa nyumbani. Akaifungua, akasema miwani yake iko kiwandani, nimsomee. Nilianza kusoma kwa sauti bila kujua kilichomo, na nilipofika kwenye telegramu nilitaka kuruka. Akaniambia, "Umenyamaza. Soma." Nikasoma yote, dada yako sijui kusema uongo nikiwa nimeshika karatasi. Nikasoma mpaka pale uliposema nisimsomee. Nisamehe.

Aliweka mikono juu ya meza. Kwanza akauliza habari za viatu. Anasema Ubelgiji wakati wa vita vidole vyake viwili viliganda kwa sababu alivaa soksi mbili mbili, zikabana damu. Anasema mwambie mwenye masikio yaliyoganda avae soksi moja tu, ya sufu, na kiatu kilicholegea. Sikuandika jina kwa sababu yeye hakulitaja, lakini alirudia mara ya pili nisikosee.

Kisha akauliza, "Hilo dirisha la posta, lilifungwa saa ngapi?"

Nikamwambia hukuandika saa, ila ni wakati wa chakula cha mchana.

Akasema, "Basi alikuwa na mchana mzima wa kurudi, na hakurudi."

Akainuka akaenda kuzoa theluji.

Dada yako,
Ozella